Mzee anayesahau si mulozi

Katika vijitabu kama hiki tumezoea kuandika juu ya mahari, ngoma, majina ya watoto na namna ya kuzika. Leo tunashika jambo ambalo watu wengi wa utamaduni hawapendi kulishika: akili ya mzee inapoanza kupotea. Tunalishika kwa sababu moja. Kuna watu wanaotumia jina la mila kwa kumfukuza mama muzee nyumbani mwake, kumvunjia nyumba, na mara nyingine kumuua. Ukiwauliza, wanajibu: "Njo mila yetu. Mulozi anafukuzwaka." Sisi tunasema hapana. Ile si mila. Ni uvivu wa kuuliza, uliovikwa nguo ya mila. Na kwa kuonyesha hivyo tutaleta ushahidi wa wanasayansi, zaidi sana wa Mwafrika mmoja aliyetumia maisha yake yote kuuliza maswali juu ya ubongo.

1. Namna mulozi anavyotengenezwa

Tuangalie mambo yanavyokwenda kwenye milima yetu na ndani ya makartye yetu. Mama wa miaka 70 na kitu anaanza kuuliza neno moja mara tano. Anatia chumvi mara mbili katika mboga. Anaficha pesa yake chini ya godoro, kisha anasema mukamwana wake amemwibia. Usiku anaamka, anafungua mlango, anatembea. Anasimama mbele ya nyumba ya jirani, juu anafikiri ni nyumba ya baba yake. Anaongea na dada yake aliyekufa zamani. Siku moja anatoka inje bila nguo. Wiki ileile mtoto wa jirani anashikwa na homa, anakufa.

Basi, hesabu imekwisha. "Ule mama anatembeaka usiku. Anasemaka na bafu. Ni yeye njo alikula mutoto." Kesi haikupelekwa mbele ya jaji, dosiye haikufunguliwa, hata munganga hakuitwa. Kwenye chumba cha sala mtu anafunga macho, anasema ameonyeshwa. Vijana wanaokota mawe.

Sasa tuvichukue vitu vile kimoja kimoja. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoitwa hipokampasi. Kazi yake ni kuandika mambo mapya. Katika ugonjwa wa Alzheimer, sehemu hiyo huharibika kati ya zile za kwanza. Ndiyo sababu mzee anakumbuka ndoa yake ya zamani lakini hakumbuki kama amekula asubuhi. Pesa aliificha yeye mwenyewe; kitendo cha kuficha hakikuandikwa; akitafuta bila kuona, ubongo unajaza nafasi tupu kwa jibu la karibu: nimeibiwa. Usiku anaamka kwa sababu saa ya mwili, ile inayotenga mchana na usiku, imeharibika nayo. Anatafuta nyumba ya baba yake kwa sababu miaka ya utoto ndiyo iliyobaki wazi kichwani. Na kuna aina nyingine ya maradhi haya, yanayoitwa ya miili ya Lewy, ambayo mgonjwa anaona kabisa watu wasiokuwako. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinachohitaji uchawi ili kieleweke.

2. Mama mmoja wa Ulaya

Wengine watasema tunaleta ugonjwa wa Wazungu. Tuanze basi kwa Wazungu wenyewe. Mwezi wa 11 mwaka 1901, kwenye hospitali moja ya Frankfurt, Ujerumani, aliletwa mama aliyeitwa Auguste Deter, mwenye miaka 51. Alikuwa anamshuku bwana yake. Alikuwa anaburuta vitu nyumbani na kuvificha. Alifikiri watu wanataka kumuua, akapiga makelele. Munganga aliyemchunguza aliitwa Alois Alzheimer. Yule mama alikufa mwaka 1906. Alzheimer akauchukua ubongo wake, akautazama kwa hadubini, akaona vitu viwili: madoa ya uchafu katikati ya chembe, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe. Tarehe 3 mwezi wa 11 mwaka 1906 alieleza jambo hilo mbele ya waganga wenzake katika mji wa Tübingen. Leo tunajua kwamba madoa yale ni protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni protini nyingine iitwayo tau.

Fikirini kidogo. Mama anayeshuku, anayeficha vitu, anayepiga kelele usiku. Kama angezaliwa upande wetu, tungemwita jina gani? Na kama angezaliwa Ujerumani ileile miaka 300 mbele, wangemwita jina lilelile. Kati ya karne ya 15 na ya 18, Ulaya iliua makumi ya maelfu ya watu kwa kosa la uchawi, na wengi walikuwa wanawake. Kwa hiyo yule anayesema kuchoma mama muzee ni mila ya Afrika, ajue kwamba Wazungu walimtangulia. Wao waliacha. Sisi tunangoja nini?

3. Mtoto wa Okemesi na sumu ya muhogo

Sasa tuje kwa Mwafrika tuliyemtaja. Jina lake ni Benjamin Oluwakayode Osuntokun. Alizaliwa mwaka 1935 huko Okemesi, nchi ya Wayoruba, Nijeria. Alisomea uganga Ibadan, akaendelea Uingereza, kisha akarudi kufanya kazi kwao, kwenye hospitali kubwa ya Iniversite ya Ibadan. Alikufa mwaka 1995, akiwa na miaka 60. Kazi yake ilikuwa mishipa ya fahamu na ubongo.

Katika miaka ya 1960 aliwachunguza watu wa upande wa Epe. Miguu yao ilikufa ganzi, walikuwa wanayumba wakitembea, macho yalipungua, masikio yaliziba. Wengi waliugua ndani ya famiya moja. Mnajua neno gani linatoka haraka katika kinywa cha jirani akiona famiya nzima inaanguka hivyo. Osuntokun hakuuliza "nani amewaroga?" Aliuliza: "Munakula nini?" Walikula muhogo, asubuhi na jioni, siku zote. Akapima damu yao, akakuta alama ya sianidi, sumu inayotoka katika muhogo. Mwaka 1968 aliandika habari hiyo yote. Baadaye wataalamu wengine walibishana naye kama muhogo peke yake unatosha kuwa sababu, na ni haki yao. Lakini namna yake ya kuuliza ilibaki.

Habari hii inatugusa sisi wa Kongo kabisa. Tuna konzo. Huko Kwango, waganga wa zamani wa koloni waliandika juu yake tangu mwaka 1938: mtu anaamka asubuhi, miguu imekakamaa, na haitarudi tena kama zamani. Neno lenyewe, kwa Kiyaka, maana yake ni miguu iliyofungwa. Imefungwa na nani? Kwa miaka mingi kila mtu alikuwa na jirani wa kumtaja. Kumbe ni muhogo mchungu uliotengenezwa haraka, bila kulowekwa siku za kutosha, ukaliwa na watu wasiopata maharagwe, samaki wala nyama. Hata hapa Kivu ya Kusini, wakati wa vita na njaa, konzo ilionekana huko Burhinyi. Wataalamu waliandika hivyo mwaka 2011. Dawa ya kuizuia ni kuloweka muhogo siku tatu na kuchanganya chakula. Hakuna aliyefungwa miguu na shangazi yake. Ni wamama wangapi walibeba jina la ulozi kwa kosa la muhogo usiolowekwa?

Yaliyotokea kwa miguu ndiyo yanayotokea leo kwa kichwa.

4. Nyumba kwa nyumba katika Idikan

Zamani waganga wengi walifikiri Waafrika hawapati ugonjwa wa Alzheimer. Osuntokun naye aliuona mara chache sana hospitalini. Wengine wangepiga kifua: "Munaona? Ni ugonjwa wa Wazungu." Yeye alijua kwamba mzee aliyechanganyikiwa haletwi hospitalini. Anafichwa nyumbani, au anafukuzwa. Basi inafaa kumfuata kule aliko.

Pamoja na Hugh Hendrie wa Iniversite ya Indiana, Marekani, na wenzao kama Kathleen Hall na Adesola Ogunniyi, alianza mwaka 1992 kazi kubwa. Upande mmoja, kartye ya Idikan katika mji wa Ibadan. Upande wa pili, Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis, watu ambao wakubwa wao wengi walichukuliwa utumwani toka Afrika ya Magharibi. Maswali yaleyale, kipimo kilekile. Ibadan walionana na wazee 2,494 wenye miaka 65 na zaidi, nyumba kwa nyumba. Indianapolis, 2,212.

Matokeo yalitoka mwaka 1995, mwaka uleule Osuntokun alipokufa. Ibadan, katika wazee 100, wenye kupotewa na akili kwa ugonjwa walikuwa 2.29. Indianapolis, wakihesabiwa pamoja na wale wa nyumba za kulelea wazee, walikuwa 8.24. Mwaka 2001 wenzake walionyesha tena kwamba wagonjwa wapya kila mwaka walikuwa 1.35 katika 100 huko Ibadan, na 3.24 huko Indianapolis. Damu ya ukoo mmoja, maisha mbalimbali. Wataalamu wakaanza kutazama chakula, mafuta ndani ya damu, tansio. Mwaka 2011 Ogunniyi na wenzake walionyesha kwamba mzee wa Kiyoruba mwenye tansio ya juu yuko katika hatari kubwa zaidi. Walitazama pia kipande cha urithi kinachoitwa APOE e4, kinachoongeza hatari sana kwa Wazungu. Mwanzoni kwa Wayoruba hawakuona kitu. Baadaye, walipohesabu watu wengi zaidi, waliona hatari kwa wale waliorithi kipande hicho toka kwa baba na toka kwa mama, pande zote mbili.

Sisi tunasoma hesabu hizi kwa namna mbili. Kwanza, 2.29 ni kidogo kuliko 8.24, na maisha yetu ya zamani yana kitu cha kufundisha dunia. Pili, na hapo ndipo tunapogombana na wenye kujisifu: 2.29 si sifuri. Na si kila mahali ni Idikan. Kati ya 2008 na 2009 timu ya Maëlenn Guerchet na waganga wa Afrika ya Kati walipima wazee wa miji miwili iliyo karibu yetu. Walikuta 8.1 katika 100 huko Bangui, na 6.7 huko Brazzaville, ng'ambo tu ya mto toka Kinshasa. Basi lile neno la "kwetu haiko" limekufa. Liko kwetu. Tunaliita tu jina lingine.

5. Kipimo kinachofanana na barza

Kuna wanaosema vipimo hivi vimetengenezwa kwa watu wa shule, kwamba mama asiyejua kusoma ataonekana mgonjwa bule. Ni neno la haki, na wale wataalamu walilifikiria mbele yetu. Kipimo walichotumia Ibadan kilianza kwa Wahindi wekundu wa kabila la Cree, huko Kanada, na kilitengenezwa kwa makusudi ili mtu asiyesoma asianguke kwa sababu ya kalamu. Hakimwombi mzee kuandika. Kinamuuliza: nyundo inafanya kazi gani? Daraja ni kitu gani? Dawa munanunua wapi hapa kwenu? Shefu wenu anaitwa nani? Kisha kinafanya kitu cha pili. Kinaketi na mtu wa famiya, kinamuuliza: toka zamani mpaka leo, umeona nini kimebadilika kwake?

Nani hataona kwamba hiyo ni barza? Mzee anasikilizwa, na wale wanaoishi naye wanasikilizwa. Ile ndiyo mila ya kweli ya kukata neno: pande zote zinasema, na hakuna anayehukumiwa kwa ndoto ya mtu wa tatu. Na wako Wakongomani wanaoiendeleza kazi hii. Jean Ikanga, mtoto wa Kongo anayefundisha katika Iniversite ya Emory, Marekani, ametengeneza pamoja na wenzake vipimo vya Kiafrika vya akili, vya kutaja majina ya vitu, kukumbuka orodha ya maneno na kukumbuka hadithi, wakavijaribu Kinshasa. Katika miaka hii ya 2020 walipima pia damu ya watu 85 wa Kinshasa, 40 wenye dalili za ugonjwa na 45 wazima, wakitafuta humo alama za zile protini ambazo Alzheimer aliziona kwa hadubini. Toka tone la damu, na Kinshasa, si Frankfurt. Mtu atakayetuambia tena hizi ni fikra za Wazungu, atutolee kwanza majina ya Osuntokun, Ogunniyi na Ikanga katika orodha.

6. Hukumu

Watafiti waliofanya kazi Kongo-Brazzaville waliuliza pia famiya zinazolinda wagonjwa hawa: munamwonaje? Walichoandika mwaka 2016 kinauma. Wagonjwa waliitwa ndoki. Kuna waliopelekwa mbele ya baraza la kimila na kuhukumiwa, wazee ambao hawakujua hata wako mbele ya nani. Na kwetu? Mwaka 2021, hapa Kivu ya Kusini, wamama wazee waliuawa, wengine kwa moto, baada ya watu wanaojiita manabii kuwataja kuwa walozi. Hatusemi wote walikuwa wagonjwa wa kusahau. Hata mmoja wao hakupaswa kufa, mgonjwa au mzima. Lakini tunasema kwamba mzee aliyepotewa na akili ndiye shabaha ya kwanza, juu hawezi kujitetea.

Hapo wenye kupinga wanatoa mkuki wao wa mwisho: "Lakini yeye mwenyewe alikubali!" Ndiyo, alikubali. Mtu ambaye ubongo wake unajaza nafasi tupu atakubali. Mkamate mzee wa namna ile, mzungushieni watu hamsini, muulizeni mara kumi kama alikula mtoto. Mara ya kumi na moja atasema ndiyo, kwa woga, kwa kuchoka, au kwa sababu hajui tena kutenga lile alilolifanya na lile aliloambiwa. Kesho yake muulizeni kama ni yeye aliyejenga daraja la Ruzizi. Anaweza kukubali pia. Kukubali kwake ni dalili ya ugonjwa. Mwamuzi anayeketi juu ya ushahidi kama huo hakati neno, anamaliza mgonjwa.

Na tuwakumbushe machefu wetu, kwa heshima yao yote, kwamba Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inatambua mamlaka ya mila katika kifungu cha 207, lakini inaitambua pale tu mila isipopingana na Katiba, sheria, amani ya watu na tabia njema. Kifungu cha 49 kinampa mzee haki ya kulindwa. Shefu anayeacha mama muzee ahukumiwe kwa ulozi katika barza lake hawezi kujificha nyuma ya mababu.

7. "Hakuna dawa, basi faida ni nini?"

Wengine wanakubali yote haya, kisha wanainua mabega: ugonjwa wa Alzheimer hauponi, sasa kujua kunasaidia nini? Kunasaidia mengi.

Kwanza, si kila kusahau ni Alzheimer. Kuna upungufu wa vitamini B12, kuna tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kuna kaswende iliyopanda ubongoni, kuna ukimwi, kuna huzuni nzito ya mtu aliyefiwa, kuna damu iliyovuja chini ya fuvu baada ya kuanguka. Mengi kati ya haya yanatibika, au mgonjwa anaweza kupata nafuu. Na kama akili imechafuka kwa ghafla, katika siku mbili tatu, mara nyingi ni malaria, maambukizo ya mkojo au sukari iliyoshuka. Mzee huyo apelekwe kituo cha afya siku ileile. Chumba cha sala kitamngoja. Malaria haimngoji mtu.

Pili, mwaka 2024 wataalamu wa dunia waliokusanywa na gazeti la waganga The Lancet walihesabu mambo 14 yanayoongeza hatari, wakasema karibu 45 katika 100 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Ndani yake kuna tansio, sukari, sigara, pombe nyingi, masikio yasiyosikia, kukosa shule utotoni, na kuishi peke yako. Mtazame lile la mwisho. Kumtenga mzee ni kumwongezea ugonjwa. Yule anayemfungia koko katika chumba cha nyuma ili aibu isionekane, anafanya kazi ileile ya maradhi.

Tatu, hata pale ambapo hakuna kuponya, kuna kutunza. Umwitie jina lake. Usibishane naye kama dada yake amekufa; umuulize habari za yule dada. Uache taa ndogo usiku, ufunge mlango wa inje, uweke vitu fasi moja siku zote. Umpe kazi ambayo mikono bado inaijua, kuchambua maharagwe, kukunja nguo. Na wale wanaomtunza, mara nyingi msichana mmoja au mukamwana mmoja aliyeachiwa mzigo wote, wapokezane na ndugu wengine. Huo ndio ukoo. Ukoo si kukutana kwenye matanga na kuhesabu ng'ombe.

8. Mila inakaa wapi?

Tumalizie pale ambapo sisi, watu wa utamaduni, tunaguswa zaidi. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga upande wa Walikale, mzee mmoja aitwaye Candi Rureke alisimulia utenzi wa Mwindo. Alisimulia, akaimba, akacheza, siku 12. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliutoa katika kitabu mwaka 1969, na leo unasomwa dunia nzima. Kabla ya siku zile 12, kitabu kile kilikaa wapi? Kilikaa ndani ya kichwa. Warega nao wanajua kwamba mafundisho ya Bwami yanakaa katika methali, nyimbo na vinyago, na kwamba bila mtu wa kueleza, kinyago kinabaki mti tu au pembe tu.

Basi mila yetu inakaa katika ubongo wa wazee, katika zile chembe ambazo Osuntokun alizichunguza maisha yake yote. Mtu anayependa mila na kudharau ubongo wa mzee anapenda asali na kuchoma mzinga. Na kuna neno moja zaidi ambalo wataalamu wa ubongo wanalijua, na sisi tulishike: mambo ya zamani hukaa muda mrefu kuliko ya jana, na nyimbo hukaa muda mrefu zaidi. Mama aliyesahau kama amekula anaweza bado kuimba wimbo wa kumsindikiza bibi arusi, toka mwanzo mpaka mwisho. Yule munayemwita mulozi ndiye anayelinda ile munayoiita mila yenu. Bado yuko. Kaeni naye, na simu iko mfukoni mwenu, inashika sauti bila malipo.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na hatuombi kwa kunong'ona. Machefu na bami: kesi ya ulozi juu ya mtu mzee isiingie katika barza, mzee apelekwe kwanza kwa munganga. Mapasta na mapadri: mtu anayetaja mama muzee kuwa mulozi katika nyumba yenu ya sala, munyamazisheni mbele ya wote. Mainiversite yetu ya Bukavu, Goma, Kindu na Lubumbashi: vipimo vile vya akili vije kwa Kiswahili chetu, kwa Mashi, kwa Kirega, kwa Kinande, ili mzee aulizwe kwa lugha aliyonyonya. Na famiya: siku mzee anauliza neno moja mara ya tano, mjibuni mara ya tano.

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya milioni 55 wenye ugonjwa huu, na zaidi ya nusu yao wako katika inchi kama zetu. Sisi wote tunaosoma hapa, Mungu akitupa miaka, tuko njiani kufika kule. Mawe tunayoacha vijana waokote leo ndiyo yatakayotungoja. Mzee anayesahau si mulozi. Ni mgonjwa, ni mzazi, na ni wetu.